Barua kwa Mwanangu Anayetaka Kusafiri Peke Yake kwa Baiskeli

Rotterdam, Uholanzi

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata. Unauliza kama ukija wakati wa kiangazi utaweza kusafiri kwa baiskeli kando ya bahari, peke yako, na unasema bibi hataki kulisikia jambo hilo. Mimi sikukatazi. Ila nataka uijue safari yenyewe ilivyo, kwa hiyo nitakueleza njia ninayoipenda kuliko zote: kutoka Vlissingen, mkoani Zeeland, hadi Ouddorp. Ni kati ya kilomita 70 na 80, siku nzima ukienda bila haraka.

Panda treni Jumamosi asubuhi, maana siku za kazi, saa za msongamano, kwa kawaida baiskeli haziruhusiwi ndani. Vlissingen ndio mwisho wa reli. Huko utaona meli kubwa zikielekea Antwerp, zinapita karibu mno na ufuko.

Kabla hujaanza kunyonga, tazama upepo. Sisi watu wa Tanga tumelelewa na kusi na kaskazi, kila mmoja na msimu wake. Huku upepo waweza kugeuka siku hiyo hiyo, lakini mara nyingi hutoka kusini-magharibi. Ndiyo maana nakwambia uanzie Vlissingen. Mpaka Westkapelle utakupiga ubavuni. Ukishaipita, pwani inapinda na upepo unakusukuma mgongoni. Nchi ni tambarare, haina kilima cha kukukinga, na anayekwenda kinyume na upepo huishiwa nguvu mapema.

Kupotea si rahisi. Kwenye makutano ya njia za baiskeli kuna vibao vyenye namba. Andika namba zako kwenye karatasi kwa mfuatano, ifunge kwenye usukani, uzifuate moja baada ya nyingine.

Westkapelle simama upumzike. Mnara wake mkubwa wa taa zamani ulikuwa mnara wa kanisa. Oktoba 1944 ndege za Uingereza zilibomoa tuta la bahari hapo kwa mabomu, ili maji yaingie na kuwabana askari wa Ujerumani. Kisiwa cha Walcheren kikafurika. Wenyeji walikuwa hawajapata nafuu sawasawa, usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 dhoruba ikakutana na bamvua, matuta yakakatika kusini-magharibi mwa nchi, na watu 1,836 wakafa.

Njia utakayopita imejengwa juu ya jibu la Waholanzi kwa mafuriko hayo. Utavuka kwanza bwawa la mwaka 1961 lililoziba mlango wa bahari wa Veere. Kisha utafika Oosterscheldekering, lililozinduliwa mwaka 1986, kilomita 9 za ukuta baharini, lenye milango 62 ya chuma. Mpango wa kwanza ulikuwa kuziba kabisa. Wavuvi na watetezi wa mazingira wakakataa, kwa sababu maji yasipojaa na kupwa, kome na chaza wangekwisha. Serikali ikakubali milango ikae wazi na kufungwa wakati wa dhoruba tu. Simama katikati, utasikia maji yanavyonguruma yakipita chini yako. Mbele zaidi ni Brouwersdam ya mwaka 1971, na ukiimaliza umeshakaribia Ouddorp. Mwezi Juni jua halizami mpaka kama saa nne usiku, kwa hiyo giza halitakukuta njiani.

Juu ya ukuta wa Oosterscheldekering hakuna kivuli. Una bahari kushoto, maji kulia, na huna wa kuzungumza naye. Bibi anaogopa kwamba hapo utakuwa huna mtu. Mweleze kwamba kila kibao, kila tuta na kila mlango wa chuma umewekwa na watu waliomfikiria mpita njia wasiyemjua. Msafiri wa peke yake hubebwa na kazi ya wengi, na kwa kuwa nimepita hapo nikiwa peke yangu, nalisema hili kwa yakini.

Lakini yapo ambayo hakuna atakayekufanyia. Kula kabla njaa haijakuuma. Kunywa maji kabla ya kiu. Ukichoka, shuka. Beba koti la mvua, pampu na tyubu ya akiba, funga mizigo sawasawa pande zote mbili za keria, na asubuhi nitumie njia utakayopita na mahali utakapolala.

Basi, kabla ya kukata tiketi ya ndege, nenda kwa fundi wa baiskeli hapo mtaani akufundishe kuziba pancha na kurudisha mnyororo, mpaka uweze bila yeye kugusa kitu. Ukishaweza, niandikie tupange tarehe. Bibi niachie mimi, nitampigia simu.

Akupendaye,
Shangazi yako