Mtambo Nilioukuta Kaloleni

Mtu atokaye mjini Nairobi akishika Barabara ya Jogoo, ambayo zamani iliitwa Doonholm, hulipita soko la Burma na harufu yake ya nyama, kisha huziona nyumba za Kaloleni zenye mapaa ya vigae, zilizojengwa katika miaka ya 1940. Miti yake ni mikubwa, nao watoto hucheza chini yake mchana kutwa. Lakini vyumba ni vidogo na wakaao ndani ni wengi, na kifua kikuu hupenda mahali pa namna hiyo.

Nilikwenda huko na mpwa wangu, aliyekuwa amekohoa miezi miwili. Mahali pengine alikwisha kupimwa kwa hadubini, akaambiwa hana kitu. Simlaumu sana aliyempima. Makohozi hupakwa juu ya kioo na kutiwa rangi, kisha jicho la binadamu hutafuta vijidudu vyekundu penye buluu, sehemu 100 kabla ya kusema havipo. Daktari Robert Koch aliyevigundua mwaka 1882 naye alitegemea jicho na hadubini. Vikiwa vichache, havionekani. Na kuviotesha kwahitaji majuma kadha wa kadha.

Katika zahanati tuliyoiendea palikuwa na mtambo uitwao GeneXpert, uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwezi wa Desemba 2010. Kwa umbo hautishi. Waweza kuudhani redio kubwa. Bibi wa maabara alichanganya makohozi na dawa, akangoja dakika 15, akayatia katika kijisanduku cha plastiki, akafunga mlango mdogo, basi. Mtambo wenyewe huvivunja vijidudu na kuzidisha chembe zao za urithi mpaka zitambulike. Kwa muda usiofika saa 2 husema kama ugonjwa upo, na kama dawa ya rifampisini itauweza. Wakati huo yeye alikuwa akiwahudumia wagonjwa wengine.

Nilimwuliza kasoro yake. Akacheka. “Umeme, kaka. Ukikatika katikati, kijisanduku kimepotea, na kila kimoja hutumika mara moja tu.”

Tulikaa nje kwenye benchi. Mpwa wangu hakusema neno, na mimi nilitazama waya za umeme kuliko nilivyopata kuzitazama maishani.

Saa saba aliitwa. Ugonjwa upo, na dawa itauweza. Alipewa vidonge vya kuanzia, katika matibabu ya miezi 6, akaagizwa awalete kesho yake wadogo zake wawili walalao naye chumba kimoja.