Bei ya Chupa, Bei ya Glasi

Watu huniletea chupa wamezifunga kwenye taulo, kama wamebeba mtoto mchanga. Duka ninalofanyia kazi liko Louisville, Kentucky, na tangu jimbo lilipopitisha sheria mwaka 2017, maduka yenye leseni yanaruhusiwa kununua kwa watu binafsi pombe kali za zamani ambazo hazijafunguliwa na ambazo kwa wauzaji wa jumla hazipatikani tena. Hapo awali mambo haya yalikwenda kimyakimya, chupa ikihama kutoka buti la gari hili kwenda la gari lile. Sasa zinatua mezani kwangu, nami natakiwa nimwambie mwenye chupa mali yake ina thamani gani bila kuionja. Nikishavuta kizibo tu, nimeshaiharibu bei.

Kwa hiyo macho ndiyo yanayotangulia. Mama mmoja mtu mzima aliwahi kuleta Old Fitzgerald iliyosahauliwa kwenye kabati la baba mkwe wake. Lebo ilikuwa imefifia, lakini shingoni stempu ya ushuru ya kijani ilikuwa nzima, na hiyo ndiyo iliyonifanya nivute kiti. Kijani ilikuwa rangi ya wiski zilizotiwa chupani kwa masharti ya sheria ya 1897: imetoka kiwanda kimoja, imepikwa msimu mmoja, imelala pipani si chini ya miaka 4 katika ghala linalosimamiwa na serikali, na kilevi chake ni asilimia 50, haipungui wala haizidi. Stempu yenyewe inataja msimu wa kupikwa na msimu wa kutiwa chupani. Hii ilisomeka 1958 na 1964. Nikaigeuza: kwenye kioo yamechongwa maneno ya kukataza chupa isiuzwe wala kutumiwa tena, agizo lililokoma mwaka huohuo wa 1964. Onyo la afya, lililoanza 1989, halikuwepo. Wiski ilikuwa imefika mwanzo wa bega la chupa. Ingeshuka zaidi ya hapo ningejua kizibo kimekuwa kikivujisha pumzi miaka yote hiyo. Nikapitisha kucha kwenye ukingo wa stempu kutafuta gundi mpya, kwa sababu kuna watu wanaonunua chupa tupu za majina makubwa, wanazijaza wiski ya bei poa na kuziuza upya. Haikuwa na gundi.

Mama akapiga hesabu: tangu 1958 mpaka leo, si imeshazeeka mno hii? Hapana mama, ina miaka 6. Umri wa wiski ni wa pipani. Siku inayoingia kwenye kioo, hesabu inasimama. Bei yake iko kwingine. Ilipikwa Stitzel-Weller, hapa Shively pembezoni mwa Louisville, kiwanda kilichofunguliwa 1935 na kuacha kupika 1992, kilichotumia ngano mahali ambapo wengi hutia nafaka ya rai. Wiski ile haitapikwa tena, na kila inayofunguliwa inapunguza zilizobaki.

Nyuma ya duka tuna baa ndogo. Chupa tunazoamua kuzifungua huuzwa kwa glasi, na huko ndiko ulimi wangu unakoruhusiwa kufanya kazi. Pua naiweka juu ya glasi huku mdomo uko wazi kidogo, la sivyo kilevi kinaunguza na hunusi kitu. Funda la kwanza ni la kuuamsha mdomo, silipi alama. La pili nalitembeza mpaka kwenye ufizi, kwa sababu ufizi ndio unaokamata ukakasi. Kisha tone la maji, nasubiri, naonja tena. Utamu wa vanila na sukari guru haukosekani. Ninachokitafuta ni kama chini yake kuna nafaka bado, au mbao zimeshameza kila kitu.

Na mbao humeza kweli. Sheria ya Marekani inataka burboni, yaani wiski ya aina hii yetu, iwe na mahindi si chini ya asilimia 51 na ilazwe kwenye mwaloni mpya uliounguzwa ndani mpaka kuwa makaa. Waskoti huchukua mapipa yetu yaliyokwisha kutumika, mwaloni wake umeshachoka, ndiyo maana wiski yao huvumilia miaka 25 bila kununa. Hapa kinaingia kinywaji cheupe kama gongo, kilevi kisichozidi asilimia 62.5, kwenye mbao ambazo hazijatoa chochote kwa mtu. Joto la kiangazi linakisukuma ndani ya mbao, baridi inakirudisha. Orofa za juu za ghala maji hugeuka mvuke haraka kuliko kilevi, pombe inapanda ukali. Za chini mambo huenda taratibu. Pipa la lita 200 likifikisha miaka 20, zaidi ya nusu imekwenda na hewa. Anayenunua wiski ya umri mkubwa analipia pia ile iliyopotea.

Chukua Pappy Van Winkle ya miaka 23. Wenyewe hupendekeza bei ya mamia kadhaa ya dola. Mitaani huenda kwa maelfu. Nimeionja. Pua ni ya ajabu, ngozi kuukuu na tende, lakini mdomoni mwaloni unashika usukani na mwisho unabaki na uchungu wa chai iliyochemka kupita kiasi. Ya miaka 15, yenye kilevi cha asilimia 53.5, ina karafuu, ina mdalasini, na mahindi bado unayasikia. Mimi nikipewa nichague ya kunywa nachukua hiyo, na sijawahi kumshawishi mteja aliyekuja na pesa ya ile nyingine.

Yule mama nilimtajia bei mbili: ya chupa ikiwa imefungwa, na ile tungeipata kwa kuiuza glasi moja moja. Akaniuliza ipi ni ya kweli. Nikamwambia zote, ila hawezi kupewa zote mbili. Akaifunga tena kwenye taulo akasema anakwenda kuwauliza wanawe. Nilimsihi jambo moja tu, aisimamishe wima, asiilaze kama mvinyo, maana kilevi cha asilimia 50 kinakula kizibo.