Hiyo "Tumwombee" Yako

Wasee wa kanisa, leo acha tuongee kuhusu hili neno "tumwombee."

Unajua vile huanza. Mtu anaandika kwa grupu ya vijana: "Wapendwa, tumkumbuke dada yetu fulani, anapitia mambo mazito." Dakika tano baadaye inboksi zimejaa. Mambo gani? Ni mimba? Ya nani? Kufikia Jumapili hata mama wa njugu pale getini anajua. Nimeona hii ikitokea mara mbili, na hao wasichana wote wawili walihama kanisa.

Mushene ikivaa nguo za Jumapili bado ni mushene.

Mathayo 18:15 inaongea kuhusu mtu amekukosea wewe mwenyewe, na bado inakutuma kwake kwanza, nyinyi wawili peke yenu. Asiposikia ndio unachukua mmoja au wawili. Kanisa linakuja nyuma kabisa. Sasa huyu dada hata hajakukosea, lakini sisi tunaanzia kwa kanisa, halafu yeye ndiye wa mwisho kujua anaombewa. (Na kwani Mungu anangoja umwambie ni miezi mingapi?)

Siku hizi mtu akinitumia hiyo "tumwombee," namuuliza tu: "Umeongea naye?" Wengi hunyamaza. Mmoja aliniambia najifanya mtakatifu, sawa tu. Lakini kuna mmoja alimpigia huyo dada simu, wakaenda kunywa chai. Waliongea nini? Grupu haijui. Hata mimi sijui.