Ramen ya Kyoto na chai ya Uji

Tangu turudi kutoka inchi ya Japani mnatuuliza swali moja tu: mlikula nini? Tulikuwa walimu wanne, wanawake wote, tuliokwenda kujifunza namna ya kufundisha hesabu. Habari za hesabu zitangoja mkutano wa walimu. Leo tuseme chakula.

Mjini Kyoto tulitaka kula ramen, yaani tambi za ngano ndani ya supu ya moto. Lakini supu nyingi za ramen hupikwa kwa mifupa ya nguruwe, na mmoja wetu ni Mwislamu. Hatukukubali aketi akitutazama sisi tukila. Tukatafuta mkahawa wa halali unaopika kuku, na sote tukala huko.

Mlangoni kuna mashine. Unatia feza, unabonyeza picha ya chakula unachotaka, inatoa tiketi, nawe unampa mpishi. Bakuli moja lilikuwa karibu yeni 1,000, kama dola 6 au 7. Kwa mwalimu wa kwetu hiyo ni feza ya kulisha nyumba nzima siku moja, kwa hiyo tulikula mpaka tone la mwisho!

Zile tambi zina siri yake. Katika unga wa ngano hutiwa maji yenye aina ya magadi, ndugu ya yale tunayotia katika maharagwe ili yaive upesi. Ndiyo yanayozifanya ziwe za manjano na zivutike bila kukatika. Nayo supu ni mifupa iliyochemshwa saa nyingi mpaka imekuwa nzito na nyeupe kama maziwa. Jikoni kwetu mifupa ile huenda kwa mbwa, na makala yangekwisha kabla supu haijawa tayari. Juu yake kulikuwa na nusu ya yai, vitunguu vya majani, na nyama laini.

Wajapani wenyewe wanasema chakula hiki asili yake ni China. Wamekifanya kuwa chao, na hata zile tambi za pakiti tunazoona madukani zilianza kwao: Momofuku Ando alizitoa mwaka wa 1958.

Jambo lililotuchekesha ni kelele. Sisi tunawakataza watoto kuvuta chakula kwa sauti. Pale kila mtu anavuta tambi fuuu, hata wazee wenye suti, na hakuna anayemtazama mwenzake. Tambi zikikaa zinavimba, basi watu wanakula upesi, wanasema asante, wanaondoka. Mazungumzo marefu ya mezani kama yetu ya bugali na sambaza hayapo. Hapo tunaona kwamba sisi tunawashinda.

Kesho yake tulipanda treni kwenda Uji, safari isiyofika nusu saa. Mji ule ungewapendeza watu wa Bukavu. Mto wake unatoka katika ziwa kubwa, Biwa, sawa vile Ruzizi yetu inavyotoka ziwani Kivu, na milima iko pembeni. Kuna hekalu la Byodo-in, ambalo jumba lake la mwaka wa 1053 limechorwa kwenye sarafu ya yeni 10. Lakini sisi tulikwenda juu ya chai.

Chai ya matcha ni jani zima lililosagwa. Majani yanapokaribia kuchumwa, shamba hufunikwa juu kwa vitambaa vyeusi karibu wiki tatu, ili jani lizidi kuwa kijani na lipunguze uchungu. Baadaye hupitishwa katika mvuke, hukaushwa, huondolewa vijiti na mishipa, kisha husagwa kwa jiwe. Jiwe moja hutoa kama gramu 40 tu kwa saa. Mama mmoja mzee alitia unga kidogo katika bakuli, akamimina maji ya moto yasiyochemka, akapiga kwa ufagio mdogo wa mwanzi mpaka povu likapanda. Kwanza unakula kitu kitamu, ndipo unakunywa. Ni chungu, kisha utamu unabaki nyuma ya ulimi. Vijana waliokuwa karibu walikunywa yao pamoja na maziwa na barafu.

Kupitia mkalimani tulimwambia yule mama kwamba kwetu Kivu pia chai inalimwa milimani, na wanawake ndio wengi katika kuchuma. Akafurahi sana, akauliza: ladha yake ikoje? Tulitazamana. Sukari yake tunaijua, tangawizi yake na maziwa yake tunayajua. Ladha ya jani lenyewe, hakuna aliyepata neno. Na mgeni akifika nyumbani, wengi wetu tunamfungulia pakiti ya inchi jirani. Huko Uji kila duka linauza jani la kwao: katika kinywaji, katika tambi, hata katika barafu tamu ya watoto.

Tulileta kopo dogo la matcha, gramu 40. Bakuli moja linataka gramu 2 hivi. Jumamosi, baada ya mkutano, tutachemsha maji. Wamama wajawazito na watoto waonje kidogo tu, kwani inafukuza usingizi. Kila mmoja aje na kikombe chake. Na wale wanaokaa karibu na mashamba ya chai, tafadhali watuletee chai ya huko, tuinywe kwanza bila sukari.