Salamu za Sikukuu Katika Vilima vya Kampala

Mtanzania aingiaye Kampala, mji mkuu wa Uganda, siku za mwisho wa Desemba, huenda akadhani kwamba maneno mawili ya Kiswahili yatamtosha kwa kila amkutaye: "Sikukuu njema." Nchini Tanzania maneno hayo hayambagui mtu, kwani Iddi ni sikukuu, Krismasi ni sikukuu, na Saba Saba nayo ni sikukuu. Lakini katika Kiganda, lugha ya wenyeji wa Kampala, neno hilo liliingia zamani, likatamkwa Ssekukkulu, na maana yake ikawa Krismasi peke yake. Basi mgeni amwambiaye hivyo Mwislamu, akidhani amesema jambo la watu wote, huenda akasikika amempa heri za Krismasi. Mwenyeji muungwana hatakasirika, ila salamu itakuwa imepotea njia.

Jambo hilo si dogo Kampala, maana dini za mji huo zimepanda vilimani, zinaonekana kwa macho. Juu ya Namirembe, kilima chenye jina la amani, limesimama kanisa kuu la Kianglikana lililowekwa wakfu mwaka 1919. Juu ya Rubaga, jirani yake, ni kanisa kuu la Kikatoliki la mwaka 1925. Kibuli pana msikiti uliojengwa katika ardhi iliyotolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu. Kikaya, nje kidogo ya mji, lipo hekalu la Wabahai lililofunguliwa mwaka 1961, ambao mwaka wao mpya huanza mwezi wa Machi.

Vilima hivyo havikukaa pamoja kwa amani siku zote. Uislamu ulifika katika ikulu ya Kabaka pamoja na wafanyabiashara waliotoka pwani na Unguja katika miaka ya 1840. Wamisionari wa Kiingereza walifika mwaka 1877, na mapadri wa Kifaransa mwaka 1879. Muda si mrefu dini ziligeuka vyama, na kuanzia mwaka 1888 vyama hivyo vilishika bunduki. Kwanza Waislamu walipigana na Wakristo. Kisha, Januari 1892, Wakatoliki na Waprotestanti wakapigana wao kwa wao pale Mengo, karibu na vilima vile vile vya Namirembe na Rubaga. Katika mji wenye historia ya namna hiyo, kujua jina la sikukuu ya jirani ni sehemu ya kutunza amani.

Siku hizi majirani hao huchanganyika. Sensa ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba katika kila Waganda 100, yaani raia wa Uganda kwa jumla, Wakatoliki walikuwa 39, Waanglikana 32, Waislamu 14 na Wapentekoste 11. Si ajabu kukuta ndugu wa ukoo mmoja wakisali mahali mbalimbali. Ndiyo sababu katika karamu nyingi za Wakristo huitwa Mwislamu achinje, ili mgeni yeyote asikose kitoweo.

Adabu hiyo ya chakula inayo ndugu yake katika lugha, nayo ni neno "kulika." Mtu mmoja huambiwa "kulika", wengi, au mtu wa kuheshimiwa, huambiwa "mukulike." Maana yake ni kumpongeza mtu kwa kuvuka jambo salama. Huambiwa aliyerudi safarini, aliyeokoka hatari, na mama aliyejifungua. Mwaka mpya ukiingia, watu wote huambiana "Mukulike omwaka," bila kuulizana dini. Ramadhani ikiisha, Mwislamu huambiwa "Mukulike okusiiba," yaani hongera kwa kufunga.

Hapo ndipo penye hekima. Wako Wakristo wanaoona uzito kutamka maneno ya ibada isiyo yao, na wako Waislamu wenye uzito huo huo siku ya Krismasi. "Kulika" haimtaki asemaye akiri imani ya mwenziwe. Inamtaka akiri tu kwamba mwenziwe amechoka, amevumilia, na amefika. Neno lisilotaja kitu chochote linafaa dukani au ofisini, mbele ya watu wengi wasiojulikana. Lakini jirani wa ukuta mmoja hufurahi zaidi akiona kwamba siku yake inajulikana.

Kalenda nayo yataka uangalifu. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kawaida, hivyo salamu haziwezi kukaririwa kwa majina ya miezi. Mwaka 2000 Krismasi iliangukia ndani ya Ramadhani, na Iddi ikafuata siku chache baadaye. Mwaka 2025, Ramadhani na Kwaresima zilianza katika juma moja la Machi, na Waganda huziita zote mbili kisiibo. Mwishoni mwa Desemba 2030 Ramadhani inatazamiwa kukaribiana tena na Krismasi. Wakati kama huo, mama wa nyumba apelekaye sahani kwa jirani aliyefunga na asubiri jua litue, kwani chakula nacho ni salamu, na chaweza kufika saa isiyo yake.

Basi msafiri aendaye Kampala na achukue maneno matatu. Kwa Mkristo mwezi wa Desemba, Ssekukkulu. Kwa Mwislamu aliyemaliza mfungo, Mukulike okusiiba. Kwa umati wa watu asiowajua, mwaka unapogeuka, Mukulike omwaka. Na asipojua aliye mbele yake ni wa kilima kipi, amwulize kwa upole anasherehekea lini. Swali hilo, likiulizwa kwa uso mkunjufu, hupokewa Kampala kama salamu.