Kiko cha Babu



Wengi wenu mlioko Maskati, Mombasa, Unguja na Uingereza mmeniuliza kwa nini tangu mwezi wa Rajabu sijaandika neno katika ukurasa huu wa ukoo wetu. Sababu ni kiko. Nitalieleza jambo hili tangu mwanzo, kwa kuwa ndani yake mna kosa langu, na kosa hilo lawahusu nyinyi nyote mnaousoma mti wa ukoo niliouchora.

Hapa Durban nina kazi ya mikono niliyoianza baada ya kustaafu. Hununua viko vikuukuu vya tumbaku, nikavisafisha na kuvirudishia sura yake. Mimi mwenyewe sivuti. Napenda tu kukiona chombo kilichotupwa kikirudi kuwa chombo. Mji huu ni wa bandari, na viko vilivyoachwa na mabaharia, makarani na wazee wa kila kabila hupatikana kwa urahisi katika maduka ya hisani na kwenye meza za sokoni siku za Jumapili. Wenyewe wamekwisha kufa, watoto wao hawavuti, na kiko kilichokuwa rafiki wa mtu kwa miaka thelathini huuzwa kwa bei ya mkate na maziwa.

Mwaka jana niliona kimoja katika bakuli la vijiko na funguo. Kilikuwa kizito kuliko viko vya mti, na bori lake lilikuwa na rangi ya kijivu yenye madoadoa. Muuzaji aliniambia kwamba kimetoka Japani, kwa kuwa juu yake pameandikwa jina la mwanamke wa Kijapani. Nilivaa miwani nikasoma: KIKO. Pembeni palikuwa na alama ya tembo. Nilicheka peke yangu pale sokoni. Kiko hicho kilichongwa Tanganyika, katika kiwanda cha Arusha kilichotumia mershamu ya upande wa Amboseli, mpakani mwa Tanganyika na Kenya. Mershamu ni jiwe jepesi ambalo jina lake kwa Kijerumani maana yake ni povu la bahari. Inayosifiwa zaidi duniani ni ile nyeupe ya Eskişehir, Uturuki; ya kwetu ni ngumu zaidi na haina weupe ule. Wenye kiwanda walikipa chombo chao jina lake la Kiswahili, wakakiuza ng'ambo, na neno hilo likasafiri hadi kwenye bakuli la vijiko Durban bila ya mtu wa kulisoma.

Nilikichukua hadi kwa shangazi yangu, Chatsworth, ili nimfurahishe. Shangazi ana miaka 83, naye ndiye mtoto wa pekee wa babu aliyebaki. Alikishika, akalisoma neno lile kwa kidole, kisha akanitajia viungo vyake kama mtu anayetaja majina ya watoto: hili bori, hili digali, hii shilamu. Nilipofika nyumbani nilifungua kitabu cha lugha cha Askofu Edward Steere cha mwaka 1870, nikayakuta maneno hayo hayo, yakielezea kiko cha maji cha watu wa Unguja, pamoja na malio, ule mlio wa maji mvutaji avutapo. Shangazi hajapata kukanyaga Unguja. Maneno hayo aliyapata kwa baba yake.

Siku hiyo ndipo aliponiambia kwamba babu alikuwa na kiko.

Hapo inafaa niwakumbushe vijana. Ukoo wetu ni wa Waibadhi, na maulamaa wa Kiibadhi waliikataza tumbaku kwa ukali kuliko wengi. Babu alitoka Malindi ya Unguja mwaka 1926, akiwa mchochea makaa katika meli, akashuka Durban, hakupanda tena. Picha tuliyo nayo ni ya mzee mwenye kanzu na tasbihi. Katika wasifu wake nilioandika hapa miaka sita iliyopita nilisema kwamba hakupata kugusa tumbaku. Sikuidhani kuwa ni uongo. Nilidhani ni heshima.

Shangazi aliingia chumbani, akatoka na kibati cha biskuti kilichoota kutu pembeni. Ndani, kimefungwa katika kitambaa cha kikoi, palikuwa na kiko cha mzizi wa briari, kifupi, kilichonyooka. Bori limejaa ukoko mweusi hata kidole hakiingii. Shilamu imegeuka kijani kama shaba iliyosahauliwa, na mwishoni ina mabonde mawili ya meno. Alinikabidhi akasema, "Wewe ndiye unayejua viko, mwanangu. Kitazame." Nilisikia "kitengeneze." Mtu mwenye nyundo hasikii neno jingine.

Nilikifanyia kazi siku nne, na sijapata kufanya kazi nzuri kuliko ile. Nitawaeleza hatua zake, maana wapo miongoni mwenu wenye viko vya wazee wao.

Kwanza hutenganishwa shilamu na digali, kwa kuizungusha taratibu, kiko kikiwa baridi. Kikiwa na moto, mti umetanuka, na digali hupasuka. Kisha ukoko hukwanguliwa, lakini hauondolewi wote: huachwa tabaka jembamba kama sarafu, kwa kuwa ndilo linaloukinga mti usiungue. Mimi niliukwangua hadi mtini. Nilitaka kuiona rangi yake. Kisha nikalijaza bori chumvi kavu, nikadondosha spiriti hadi chumvi ikalowa, nikaacha usiku kucha. Spiriti huingia ndani ya mti na kuyeyusha lami ya tumbaku, nayo chumvi huinyonya. Asubuhi chumvi ilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Nilirudia mara tatu, hadi chumvi ikatoka nyeupe kama ilivyoingia.

Shilamu za zamani ni za ebonaiti, yaani mpira uliogumishwa kwa salfa. Mwanga na miaka huutoa salfa juu, na ndiyo sababu ya ule ukijani. Niliisugua kwa msasa na maji, nikianza na namba 400, nikaishia na 2000. Mabonde ya meno niliyapitishia mwali wa mshumaa. Ebonaiti ina tabia ya ajabu: ikipata joto hutaka kurudi katika umbo lake la kwanza, na mabonde hupanda yenyewe. Yaliyobaki niliyalainisha kwa msasa. Mwisho nikapaka nta na kusugua kwa kitambaa hadi mti ukatoa mistari yake, myekundu na myeusi, kama samli inayochemka.

Nilimpelekea shangazi siku ya Ijumaa, baada ya sala. Alikipokea kwa mikono miwili. Hakukitazama. Alikipeleka puani.

Akakaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Hiki chanukia duka."

Nilimweleza habari ya chumvi na spiriti. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama amsikilizavyo daktari mtu ambaye maiti wake amekwisha kuzikwa. Kisha akaniambia kwamba tangu mwaka 1970, alipofariki babu, hukifungua kibati kile kila usiku wa mwezi kumi na saba Ramadhani, usiku aliofariki, akanusa, akafunga. Hakumwambia mtu kwa kuwa tumbaku ilikuwa aibu ya nyumba. Na vidole vyake alikuwa akivitia katika yale mabonde ya meno. Sasa alivitafuta, vikateleza.

Wahenga walisema la kuvunda halina ubani. Mimi nilijifunza kinyume chake: nililifukizia ubani lisilokuwa limevunda.

Nilimwomba radhi. Akasema, "Hukukusudia, mwanangu." Kisha akaongeza neno ambalo ndilo lililoninyamazisha tangu Rajabu: "Na mama yangu je, naye hukukusudia?"

Nilijua analosema.

Katika mti wa ukoo niliouweka hapa, chini ya jina la babu, niliandika kwamba alimwoa "binti wa Kizanzibari wa Durban." Nyinyi wa Maskati na Mombasa mmesoma hivyo mkafahamu kwamba alimwoa binti wa watu wa Unguja, labda wa jamaa zetu. Baadhi yenu mliniandikia mkiuliza ni wa ukoo gani, nami nikajibu kwamba kumbukumbu zimepotea. Hazikupotea. Bibi huyo ndiye aliyenilea.

Hapa Durban neno "Mzanzibari" lina maana yake. Mwezi Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza, soko la watumwa la Unguja likafungwa. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikiyakamata majahazi ya watumwa baharini, na kuanzia mwaka huo hadi 1880 mamia ya watu waliookolewa waliletwa katika bandari hii ya Natal, wakawekwa kwenye mikataba ya kazi. Wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji. Waliitwa Wazanzibari kwa sababu ya mahali walikoletwa kutoka, si kwa asili yao. Walikaa King's Rest, upande wa Bluff, ng'ambo ya bandari, wakaswali, wakaoana, wakatunza Kimakua chao. Serikali ya ubaguzi haikujua iwaweke wapi. Mwishowe iliwaandika miongoni mwa Waasia, na katika miaka ya 1960, chini ya Sheria ya Maeneo ya Makundi, ikawahamishia Chatsworth, mji uliojengwa kwa ajili ya Wahindi. Ndiyo sababu shangazi yuko Chatsworth, na ndiyo sababu mimi nilizaliwa King's Rest nikakulia Chatsworth.

Bibi yetu alikuwa Mmakua. Babu yake na bibi yake waliteremshwa kwenye gati ya mji huu wakiwa vijana, wametolewa jahazini. Na ukoo wetu upande wa Unguja, kama mnavyojua wenyewe, ulikuwa na mashamba ya karafuu. Na karafuu hizo hatukuzichuma sisi.

Shangazi aliniambia siku ile jambo nisilolijua. Neno lile sikulibuni mimi. Babu mwenyewe ndiye aliyelitumia kwanza, katika barua kwa ndugu zake: nimeoa binti wa Kizanzibari. Ndugu walifurahi, wakaleta halua na udi kwa mkono wa baharia. Babu hakuwaeleza. Hakurudi Unguja hata mara moja, na shangazi anaamini ni kwa sababu angelazimika kwenda na mkewe, na Unguja wangemtazama. Kiko nacho alikianza kwa baba mkwe wake, barazani King's Rest, jioni, wazee wakivuta na kusema Kimakua, naye Mwarabu wa watu akijifunza lugha ya watu ambao ndugu zake wangewaita majina mengine. Alikivuta miaka arubaini kwa siri ya wale wasiokuwapo. Waliokuwapo wote walijua.

Kwa hiyo nimekaa miezi kadhaa nikiyapima haya mawili. Kiko sikukisafisha kwa ubaya. Nilitaka kikae rafuni, mgeni akitazame asikinuse. Bibi naye nilimfanyia vivyo hivyo kwa neno moja, na tofauti ni kwamba kiko sikujua thamani ya nilichokiondoa. Kwa bibi nilijua.

Jana nimebadilisha maandishi ya mti wa ukoo. Sasa yasema: binti wa Kimakua, wa King's Rest, mjukuu wa watu waliookolewa utumwani. Katika wasifu wa babu nimeongeza kwamba alivuta kiko. Wapo watakaonipigia simu, na simu nitaipokea. Mwenye hoja ya nasaba na aje nayo, lakini ajue kwamba anamzungumzia aliyenilisha kwa mkono wake.

Kile kiko cha tembo, cha Arusha, sikukisugua. Mershamu haipendi spiriti wala kulowekwa. Nimekipangusa kwa kitambaa kibichi, nikapitisha waya wenye pamba katika digali, nikakomea hapo. Meno ya mtu nisiyemjua yamebaki katika shilamu yake.

Juzi, nikipanga meza yangu ya kazi, nilikikuta kile kitambaa cha kikoi kilichokuwa kimekifunga kiko cha babu. Nilikuwa nimekitupa chini ya droo pamoja na misasa iliyokwisha, na kwa rehema ya Mungu sikuwa nimekifua. Nilikinusa. Nikakitia katika mfuko, nikaenda nacho Chatsworth usiku huo huo.

Shangazi alikifunga kiko ndani yake, akakirudisha katika kibati, akakandamiza kifuniko kwa viganja vyote viwili.

"Tukiache," akasema. "Huenda kikajifunza."

Ndugu zangu, mlio na kibati kama hicho mvunguni, muulizeni kwanza yule mkubwa wenu kabla ya kugusa chochote. Na mwenye barua za babu zilizofika Unguja, za kuanzia mwaka 1930 hivi, naomba anipigie picha zake kama zilivyo, na mikunjo yake na madoa yake.