Mtumbwi Uliokwisha Kutumika

Tulipomtafutia mjane wa jirani yetu mtumbwi wa mbao uliotumika, ili wanawe wavue perege na kambale katika Ziwa Kitangiri, wilayani Iramba, wa kwanza ulitutia shaka kwa rangi yake mpya. Wavulana wale hawajui kuogelea. Tukachokoa kwa ncha ya kisu kwenye maungio na chini, panapokaa maji. Kisu kikazama kama katika muhogo uliochemshwa. Muuzaji akanyamaza, ilhali kuficha kasoro ya bidhaa ni haramu. Wa pili, mkuukuu usio na rangi, tuliushusha majini mtupu, tukasubiri hadi adhuhuri, kisha wakapanda watu watatu. Ulivuja kidogo penye kalafati iliyochakaa; hilo latengenezeka. Ndipo tukauliza bei.